Pua ya Ndahani

Mgeni hakubisha hodi. Alitoka barabarani na begi mgongoni, akapita kwenye uchochoro kati ya nyumba yetu na duka la Yasser, akafika mbele ya jamvi la karafuu, akavua viatu na kupiga magoti. Kisha akachota karafuu kwa viganja viwili na kuzamisha uso wake humo, kama mtu anayenawa.

Bibi yangu, Bi Mwanapili, alikuwa ameketi kwenye kibao akitenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa jamvi, nimeshika reki. Tulitazamana.

Mtu yule aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Samahani, bibi," alisema. "Hizi karafuu zina harufu?"

Sijui kama mahali pengine swali hilo lina ubaya. Hapa Mtambile, kisiwani Pemba, msimu wa karafuu, ni sawa na kumuuliza mwenye nyumba kama watoto wake ni wake. Wako walanguzi wanaoanza hivyohivyo: wanazidharau karafuu zako kwanza, halafu wanataja bei.

"Zina nini?" Bibi aliuliza taratibu.

"Harufu. Zinanukia?"

"Ebo! Nahla, umemsikia huyu? Weye watoka wapi?"

"Dodoma, bibi."

"Na Dodoma hakuna salamu? Hujasema shikamoo, ushaanza kunishushia bei! Karafuu zi juani siku ya tatu, mie mwenyewe nimezianika, mie mwenyewe nimezigeuza, waniuliza kama zina harufu! Yasser! Hebu njoo huku uje uone mambo."

Yasser alitoka dukani akiwa bado ameshika kijiko cha kupimia sukari. Alimtazama mgeni aliyepiga magoti, akamtazama Bibi, akavuta pumzi.

"Zanukia mpaka ndani kwangu, Bi Mwanapili. Sukari yangu yote ishakuwa ya pilau."

"Mwambie huyo!"

"Nawaamini," mgeni alisema. Alizirudisha karafuu jamvini polepole, moja moja, kama aliyekuwa anaogopa kuzivunja vichwa. "Nawaamini kabisa. Mimi ndiye sisikii. Tangu mwezi wa pili sisikii harufu ya kitu chochote. Shikamoo, bibi."

Nilimwona Bibi akimtazama upya, kuanzia vumbi la nyayo zake mpaka kwenye ile pua.

"Marahaba," alisema. "Nahla, mpe mgeni maji."

*

Jina lake lilikuwa Yona Ndahani. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mtoto wa mkulima wa zabibu wa Hombolo. Mwezi wa pili aliugua homa ya mafua. Homa ikaondoka na pua yake. Daktari alimpa vichupa vinne vya mafuta: waridi, limau, mkalitusi na karafuu. Akamwambia avinuse asubuhi na jioni, kila siku, akijikumbusha kila harufu ilivyokuwa, kwa sababu pua hufundishika upya kama mguu uliovunjika. Kwa miezi minane alinusa. Vitatu vilibaki kama maji. Cha karafuu peke yake, siku moja moja, kilimgusa kitu kwa mbali sana nyuma ya macho.

"Nikasema basi niende zilikotoka zenyewe," alisema.

"Na pua waitakia nini hivyo?" Bibi aliuliza. "Jirani yangu wa Kisiwa Panza hajanusa kitu miaka ishirini, na ala wali wake vizuri tu."

Ndahani alizungusha kikombe cha maji mikononi.

"Ndiyo kazi yangu, bibi. Naonja kwa ajili ya kampuni moja inayopeleka vinywaji kwenye hoteli za watalii. Wao wananunua ninachowaambia kina thamani."

"Waonja nini? Juisi?"

"Mvinyo, bibi. Mvinyo mweupe."

"Rangi sikukuuliza."

Yasser alijikohoza ili asicheke. Bibi alisimama, akajikung'uta vumbi la makonyo, akaingia ndani. Alikaa humo mpaka adhuhuri ikapita. Ndahani alianza kuvaa viatu vyake. Nilimwambia asubiri, ingawa sikuwa na uhakika anasubiri nini. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia kule Morogoro, sayansi ya chakula, na katika miaka yote mitatu hakuna aliyenifundisha la kumwambia mtu anayefukuzwa kwa upole.

Bibi alitoka akiwa bado na mtandio wa kuswalia.

"Pua ni ya Mungu," alisema. "Na mgonjwa hafukuzwi. Lakini chupa haivuki kizingiti changu. Wala ladha ya hicho kitu usinihadithie."

"Sawa, bibi."

"Harufu waweza kunihadithia."

*

Ndahani alipanga chumba kwa Yasser, na alikuwa na wiki tatu. Baada ya hapo, wenye kampuni wangefika kwenye hoteli moja ya ufukweni upande wa Wambaa kuchagua mvinyo wa misimu mitatu. Walimwahidi cheo cha mnunuzi mkuu. Mtihani wenyewe ulikuwa glasi nne za mvinyo wa zabibu ya aina moja kutoka sehemu tofauti, zimefunikwa majina, naye aseme kila moja imetoka wapi na inastahili bei yake au la. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kazini kuhusu pua. Kwa miezi minane alikuwa akiandika ripoti kwa kumbukumbu na kwa kusoma za wenzake.

"Nikikosa hicho cheo," aliniambia siku moja tulipokuwa tunageuza karafuu, "si mimi tu. Mnunuzi mkuu ndiye anayeamua zabibu za nani zitazamwe. Baba yangu na wenzake Hombolo, hakuna anayewatazama."

Bibi alimpokea kila asubuhi jua likishaanza kukausha umande. Alimfunga macho kwa kitambaa cha kanga kuukuu, akamkalisha ukumbini, akaweka sinia. Juu ya sinia palikuwa na vikombe vya kahawa, na ndani ya kila kikombe kitu kimoja: karafuu, ganda la chungwa, asumini, tangawizi iliyopondwa, embe, ua la mkadi, na mishmishi, yale matunda madogo ya manjano yaliyokaushwa ambayo shangazi yangu Zuweina huyatuma kutoka Maskati kila Ramadhani. Nilivipitisha kimoja kimoja chini ya pua yake. Siku za mwanzo alijibu haraka mno.

"Chungwa."

"Tangawizi," nilisema.

"Asumini?"

"Ni kikombe kitupu."

Siku ya nne Bibi alinipokonya kikombe na kumfungua kitambaa.

"Mbona wakisia?"

"Najaribu, bibi."

"Hujaribu. Wataka kunifurahisha." Alivuta kibao chake karibu na magoti ya Ndahani. "Sikiza. Mie nimekuwa mchambuzi wa karafuu kwenye kituo cha ununuzi miaka thelathini. Mtu akileta gunia, natia mkono, natia pua, nasema: hii daraja la kwanza, hii mpeta, ilianikwa mbichi ikavunda. Siku moja nilikuwa na mafua. Sisikii kitu. Kulikuwa na foleni mpaka barabarani, na mie niliona haya kusema sisikii. Akaja Asma binti Nyange, na gunia lake la mwaka mzima. Nikatia pua, nikasema mpeta."

"Haikuwa mpeta?"

"Sijui mpaka leo. Hiyo ndiyo shida, sijui. Alilia, akaliacha kwa bei ya mpeta. Mwaka ule mwanawe hakurudi skuli." Aliitazama sinia. "Nilimwendea kumwomba radhi. Alishanisamehe zamani. Lakini mie kila nikipita kwake natembea upesi."

Nilikuwa nimeishi na bibi yangu maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia jambo hilo.

"N'ahidi," Bibi alisema. "Ukisikia, sema nasikia. Usiposikia, sema sisikii. Hapa, na kokote utakakotia pua yako."

"Nakuahidi, bibi."

"Basi funga macho."

Siku mbili zilizofuata alisema "sisikii" kwa kila kikombe. Niliona uzito wa neno hilo kila alipolitamka. Siku ya saba nilimpitishia karafuu, akainusa mara ya pili, kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, "Hii nasikia." Bibi alisema alhamdulillahi na kwenda jikoni kwa haraka. Nilijua kwa nini ameenda jikoni.

*

Baada ya hapo harufu zilirudi moja moja, bila mpango. Tangawizi siku ya tisa. Embe siku ya kumi na moja. Ganda la chungwa lilikuja, likapotea, likaja tena. Asumini na mkadi hazikuja.

Na mchana, tukichambua, alimhadithia Bibi harufu kama alivyoruhusiwa. Zabibu ya mtihani huo inaitwa Viognier, na alitufundisha kuitamka vionye. Yasser aliipenda ile sauti mpaka akampa jina hilo paka wake.

"Ni zabibu yenye matata," alisema. "Ukiichuma mapema haina harufu kabisa. Ukichelewa siku chache, inakuwa nzito, kama mafuta. Katikati hapo kuna siku tatu, nne."

"Kama karafuu," Bibi alisema. "Mbichi haina kitu. Ikichanua imekwisha. Lazima uikute imepiga wekundu tu."

"Hasa."

"Endelea."

Ya Afrika Kusini, alisema, jua lake ni kali, kwa hiyo inanukia embe boribo lililoiva mpaka linataka kupasuka. Ina furaha, lakini glasi ya pili inakuchosha. Ya Australia inayotoka milimani ina tangawizi na mishmishi. Ya kusini mwa Ufaransa ni nyepesi, ganda la chungwa na hewa safi, na bei yake ni ndogo. Kisha iko ya bonde la Rhône, hukohuko Ufaransa, kwenye mteremko mkali wa mawe ambao mashine haipandi, watu wanachuma kwa mikono. Huko ndiko asili yake.

"Hiyo inanukiaje?"

"Mara ya kwanza nilipoinusa," Ndahani alisema, "nilikumbuka harusi ya dada yangu, na dada yangu hakuwa ameolewa bado. Asumini, mishmishi, halafu kitu kingine ambacho sikukijua jina mpaka nilipokuja hapa na mkanionyesha ule mkadi. Nilipouona tu nikasema kwa macho, lazima ndiyo hii. Ila siisikii."

"Na bei?"

"Mara nne ya ile ya kusini."

Bibi alitupa konyo kwenye rundo. "Na wageni wa hoteli wainywa na chakula gani?"

"Na pweza, na samaki wa kuchoma. Kwa pweza ningewapa ile ya kusini, inatosha na fedha inabaki. Ile ya Rhône ni ya kukaa nayo kimya. Swali la bosi wangu ni hilo tu: inastahili mara nne au tunalipia jina?"

"Karafuu za Pemba nazo zalipiwa jina," Yasser alisema kutoka dukani.

"Hizo zalipiwa kazi, mwehu weye," Bibi alimjibu.

*

Siku ilipofika, Bibi alivaa buibui lake la Idi.

"Mgonjwa wangu haendi kupimwa peke yake," alisema, na hakuna aliyebishana naye. Yasser alituazimia gari ya shemeji yake na kutuendesha mwenyewe.

Hoteli ilikuwa na baraza pana la mbao lililotazama mikoko. Meza ya kazi iliwekwa ndani, karibu kabisa na dirisha kubwa lililo wazi. Tuliletewa viti barazani. Bibi alikigeuza cha kwake akaipa meza mgongo, akatoa tasbihi. Mimi nilikaa ubavuni mwa dirisha. Feni ya ndani ilikuwa inasukuma hewa nje, usoni kwangu.

Wakubwa walikuwa watatu. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi, mwenye sauti ya upole. Alimwita Ndahani "Yona" na kumuuliza likizo ilikuwaje. Kijitabu kilikuwa mbele yake na kalamu imefunguliwa.

Glasi ya kwanza. Ndahani aliinua, akafumba macho kama alivyokuwa akifumba ukumbini kwetu. Mmoja wa wale watatu aliangalia saa.

"Embe lililopitiliza," alisema. "Afrika Kusini. Nzuri kwa wiki ya kwanza ya mgeni, si kwa wiki ya pili. Bei yake ni sawa."

Mkurugenzi alitabasamu na kuandika.

Ya pili aliipata kwa tangawizi. "Australia. Mishmishi inapaswa kuwepo pia, lakini leo nasikia tangawizi tu." Wakubwa wakatazamana kidogo. Ya tatu alichukua muda zaidi. Aliirudisha, akainusa tena, akaweka chini, akanywa maji. "Ganda la chungwa. Kusini mwa Ufaransa. Hii ndiyo ningenunua nyingi."

Ikabaki ya nne. Hapakuwa na fumbo tena. Walikuwa wamemwambia sehemu zote nne, na tatu zilikwisha. Hata Yasser aliyekuwa anangoja garini angejua ya nne ni ipi. Kilichobaki kilikuwa maneno tu, na maneno yake nilikuwa nimeyasikia mara nyingi juu ya jamvi la karafuu: asumini, mishmishi, harusi ya dada. Ndiyo, inastahili. Angeyasema, mkurugenzi angefunga kalamu, na cheo kingekuwa chake.

Aliinua glasi. Feni ilizunguka.

Sikuiomba ile harufu, na upepo hauombi ruhusa. Ilinipitia usoni, na ilikuwa mkadi. Mkadi mtupu, ule wa kikuba, ule wanaoufunga pamoja na asumini na mrehani kwenye nguo za bibi harusi. Nilishangaa kwamba zabibu iliyooteshwa kwenye mawe ya mbali, kusikojulikana mkadi, iwe nao ndani yake. Alikuwa amekumbuka sawasawa. Tangu mwezi wa pili alikuwa ameibeba harufu hiyo kichwani bila pua, na hakuikosea.

Ndahani alifumbua macho akanitazama. Niliona kwenye uso wake kwamba mbele yake hapakuwa na kitu, kikombe kitupu.

Ningeweza kumsaidia. Ilitosha kugusa upande wa kichwa tu, pale wanawake wanapochomeka ua hilo, naye angejua kwamba siyo jina analolipia mkurugenzi, kwamba harufu ipo kweli. Isingekuwa hata uongo, nilijiambia. Mkono wangu ulipanda. Ulifika kwenye ukingo wa mtandio.

Akatikisa kichwa. Kidogo sana, bila hasira, kama mtu anayekataa chai ya pili.

Niliushusha mkono.

"Yona?" mkurugenzi aliuliza. "Inastahili?"

"Hii sisikii," Ndahani alisema.

"Husikii nini?"

"Sisikii kitu. Najua ni ya Rhône kwa sababu ndiyo iliyobaki. Naweza kukueleza ilivyokuwa zamani. Lakini hii iliyo mbele yangu sisikii, kwa hiyo siwezi kukwambia ilipe mara nne." Aliweka glasi chini. "Pua yangu ilikufa mwezi wa pili. Inarudi, nusu imerudi. Nilipaswa kuwaambia mapema. Ripoti za miezi minane niliziandika kwa kukisia."

Barazani tasbihi ya Bibi ilisimama.

Mkurugenzi hakupandisha sauti. Alimuuliza maswali mawili matatu, akamshukuru kwa kusema, kisha akafunga kijitabu. Alisema nafasi ya mnunuzi mkuu wataizungumzia Dar es Salaam, na kwa namna alivyolitamka jina la mji huo ilieleweka kwamba Yona hatakuwepo kwenye mazungumzo. Mmoja wa wale wengine aliivuta glasi ya nne kwake.

Ndahani alikuja barazani akiwa amebeba begi kwa mkono mmoja. Alisimama mbele ya Bibi kama siku ile alipofika mbele ya jamvi, ila sasa alikuwa na viatu.

"Umesikia ngapi?" Bibi aliuliza. Hakuwa amegeuka hata mara moja, lakini masikio yake hayakuwa yametazama mikoko.

"Tatu, bibi."

"Na ya nne?"

"Nimesema sisikii."

Bibi alisogea kwenye kiti chake, ingawa kilikuwa kiti cha mtu mmoja, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Keti, mwanangu," alisema.